Gari la Mafungu: Injini ya Turbo katika Pikapu ya Wavuvi wa Chovai

Ukisoma vitabu vya historia kuhusu Kismayu utakutana na mji unaobadilisha mikono. Mwaka 1925 Waingereza waliukabidhi kwa Waitalia pamoja na Jubaland. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, na mji ukaanza kutekwa na kutekwa tena. Mwaka 2006 waliingia Mahakama za Kiislamu, 2008 al-Shabaab, na 2012 majeshi ya Kenya pamoja na wapiganaji wa Ras Kamboni. Mwanafunzi wa historia hana budi kuzijua tarehe hizo. Hata hivyo, hazijibu swali lililonifanya nichague mada hii: mtu akirudi baada ya miaka zaidi ya ishirini na kuikuta bodi ya gari lake inatembea kwa injini ya mtu mwingine, gari ni la nani? Na nani ataamua mahali ambapo hakuna ofisi ya kuamua?

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Land Cruiser pikapu, aina ya FJ45, lililonunuliwa Kismayu mwishoni mwa miaka ya 1970 na ndugu watatu wa Chovai. Mmoja wao alikuwa babu yangu. Mimi nimezaliwa Mombasa, na Chovai sijafika. Nilichonacho ni masimulizi ya ami yangu, ya mwana wa jirani yetu wa Kismayu, na ya fundi aliyeibadilisha injini, mengi yao kwa sauti zilizorekodiwa kwenye simu. Nina pia picha mbili: moja ya kibati cha bodi, nyingine ya namba iliyogongwa kwenye injini. Picha hizo mbili hazipatani, na insha hii imetoka katika kutopatana kwake.

Chovai ni kisiwa kidogo katika safu ya visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayu, pamoja na Koyama, Ngumi na Chula. Gari halina kazi huko. Msomaji ana haki ya kuuliza watu wa kisiwani walitaka pikapu ya nini. Walitaka kwa sababu ya samaki. Mvuvi wa Chovai huvua, hukausha ng'onda, hupandisha tanga na kuelekea Kismayu, na hapo ufukweni ndipo uhuru wake unapokwisha. Samaki mbichi akishushwa asubuhi, mpaka adhuhuri bei yake iko mikononi mwa mwenye gari. Katika miaka ya 1970 serikali ya kijeshi ilikuwa pia ikiwaingiza wavuvi katika vyama vya ushirika, na ami anasema baba yake aliona kwamba mtu asiye na gari lake mwenyewe angekuwa na mabwana wawili, mchuuzi na chama.

Ndugu hao watatu walinunua pikapu kama wanavyonunua mashua, yaani kwa kuchanga. Jambo moja ambalo nimelipata kwa bibi peke yake ni kwamba sehemu ya mchango wa babu ilikuwa bangili zake. Ami hakulitaja. Nilipomwuliza alicheka, akasema, "Hilo mwulize mwenyewe bibi yako, mimi nilikuwa mtoto." Tutalirudia.

Kwanza tuitazame picha ya kibati. Katika majina ya Toyota ya aina hii, herufi ya kwanza hutaja familia ya injini. FJ ina maana ya Land Cruiser yenye injini ya F, ya petroli. BJ ni ya injini ya B na HJ ni ya injini ya H, na hizo mbili ni za dizeli. Pikapu yetu iliondoka kiwandani na injini ya 2F, silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.2, yenye kabureta na plagi. Kila aliyeiendesha anaisifu kwa nguvu na anailaani kwa kiu. Kwenye mchanga wa kusini mwa Kismayu gari hupanda kwa gia za chini muda mrefu, na injini ya petroli yenye ukubwa huo katika gia ya pili hunywa kama ngamia aliyetoka jangwani.

Kiu hiyo haikuwa tatizo kubwa mpaka mafuta yalipokuwa tatizo la nchi. Somalia ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta karibu na Mogadishu kilichotegemea mafuta ghafi ya Irak. Vita vya Irak na Irani vilipoanza mwaka 1980 ugavi huo ulikatika, na nchi ikalazimika kuagiza tena mafuta yaliyokwisha kusafishwa kwa fedha za kigeni ambazo haikuwa nazo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uhaba ulikuwa mkali hata katika mji mkuu. Ami anakumbuka pikapu ikikaa wiki nzima chini ya mkungu ikisubiri pipa moja. Wakati huohuo mashua zenye mashine ndogo za dizeli zilikuwa zikienda, kwa kuwa dizeli ndiyo iliyokuwa ikitumiwa na malori, jenereta na vyombo vya bahari, na mtu aliweza kuazima madumu mawili kwa jirani. Kwa hiyo fikra ya kubadilisha injini ilizaliwa kabla ya vita. Fundi anasema babu alishamwuliza bei mwaka 1989. Fedha hazikuwepo.

Kilichofuata mwaka 1991 kinajulikana kwa jumla, ila mara chache kimeelezwa kwa upande wa wenye magari. Baada ya dola kuanguka, pikapu ya Land Cruiser ilikuwa mali ya hatari kuliko dhahabu. Wapiganaji walikata paa la kichwa, wakafunga bunduki nzito nyuma, na hizo ndizo zilizokuja kuitwa "technical" katika habari za dunia. Inasemekana jina hilo lilitokana na mashirika ya misaada kuandika malipo ya walinzi wenye silaha kama gharama za msaada wa kiufundi. Kwa mwenye pikapu, maana yake ilikuwa rahisi: gari linalotembea litachukuliwa, na huenda dereva akachukuliwa nalo.

Babu na fundi waliitoa injini usiku. Waliichomoa kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye boriti ya ghala la jirani, Msomali ambaye familia zetu zilikuwa zimekaa naye ukuta kwa ukuta. Bodi ikabaki uani kwake, bila injini na bila magurudumu, imefunikwa majamvi na nyavu mbovu. Wenye bunduki waliingia ua huo zaidi ya mara moja wakaiona na kuiacha. Injini yenyewe iliuzwa kwa vipande, kabureta kwa huyu, stata kwa yule, na fedha zake zilinunua nafasi katika chombo kilichowatoa watu wetu Chovai na Kismayu mpaka pwani ya Kenya. Kila mara nikisikia watu wakisema Wabajuni walitoka mikono mitupu, mimi hujiambia kwamba watu wangu walitoka kwa injini ya 2F.

Hapa masimulizi yanaanza kuachana. Ami anasema bodi iliachwa kuwa amana, na maneno yalisemwa mbele ya watu. Mwana wa jirani, ambaye wakati huo alikuwa kijana mdogo, anasema alichosikia ni baba yake kuambiwa, "Tukirudi tutaona." Maneno hayo mawili yanaweza kuwa yalisemwa siku moja na mtu mmoja. Sikupata njia ya kuchagua, na nadhani mwanahistoria asilazimishe ushahidi useme zaidi ya uwezo wake. Lakini tofauti hiyo ni nzito, kama tutakavyoona.

Mwaka 2004 mwana wa jirani, akiwa sasa mfanyabiashara wa barafu na samaki, aliamua kuifufua pikapu. Hakutafuta injini ya petroli. Aliagiza kutoka Sharjah, ambako kuna mitaa mizima ya vipuri vilivyotumika, injini ya Toyota ya 12H-T. Hii ni injini ya dizeli yenye turbo iliyofungwa katika Land Cruiser za miaka ya 1980, silinda 6, lita 4.0 kasoro kidogo.

Inafaa nieleze turbo ni nini, maana wengine tulisoma sanaa. Dizeli haina plagi ya kuwasha. Hewa hubanwa mpaka ikawa moto wa kutosha kuyawasha mafuta yanaporushwa ndani. Rudolf Diesel alifanikisha injini yake ya majaribio mwaka 1897. Udhaifu wa injini hiyo ulikuwa uzito na upole. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kutumia moshi unaotoka ili uzungushe panka, na panka hiyo izungushe nyingine inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi kwa injini ya ukubwa uleule. Wazo hilo lilitumika kwanza kwa mafanikio katika meli kubwa, na miongo mingi baadaye likaingia katika magari ya kawaida. Fundi wetu, ambaye hajasikia jina la Büchi, anaeleza vizuri zaidi: "Moshi ulikuwa unatupwa bure. Turbo inaurudisha kazini."

Kazi ya kubadilisha ilichukua muda wa wiki saba, na fundi anaikumbuka kwa sehemu. Bahati yake ilikuwa kwamba kiwanda chenyewe kilishatengeneza pikapu ndugu ya yetu, ya HJ, yenye injini ya H kwenye chasisi ya aina hiyohiyo. 12H-T ni ya ukoo huo wa H. Alitafuta HJ iliyokufa akaipata, akaifungua kile kikombe cha chuma kinachounganisha injini na giaboksi, na kwa kikombe hicho akaibakiza giaboksi ya zamani ya pikapu yetu. Klachi ilikuwa mpya. Vikalio vya injini kwenye chasisi havikukutana na injini mpya, hivyo akavikata na kuchomelea vingine. Springi za mbele akaziongeza majani, kwa sababu dizeli ni nzito. Tangi la petroli likaoshwa na kutobolewa tundu la mpira wa kurudisha mafuta, maana pampu ya dizeli hurudisha mafuta yanayozidi. Kukawekwa filta yenye kikombe cha kutenga maji, jambo ambalo mtu wa pwani haulizi sababu yake.

Mambo mawili yalimsumbua. La kwanza ni breki. Injini ya petroli hufyonza hewa kwa nguvu, na mfyonzo huo ndio unaosaidia mguu kwenye breki. Dizeli haina mfyonzo wa namna hiyo. Toyota huweka pampu ndogo ya kufyonza nyuma ya alternata, lakini injini iliyotoka Sharjah ilifika bila alternata yake. Kwa mwezi mzima gari lilisimamishwa kwa nguvu za goti mpaka alternata ilipopatikana. La pili ni umeme. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizouzwa Japani zilikuwa za volti 24, na stata ya injini hii ilikuwa hivyo. Taa za pikapu zilikuwa za volti 12. Fundi aliweka betri mbili akachukua umeme wa taa kwenye moja tu, na tangu siku hiyo betri moja imekuwa ikifa kabla ya mwenzake. Ami anasema ukitaka kujua historia ya gari hili fungua boneti utazame betri.

Sasa tunafika mwaka 2013. Mji ulikuwa na utawala mpya, na ami alirudi Kismayu kutazama nyumba na kuuliza habari za Chovai. Akaiona pikapu ikipita na barafu. Aliijua kwa mkunjo wa mlango wa kushoto, uliotokana na nguzo ya soko mwaka 1983. Hakupiga kelele. Alikwenda kumwamkia mjane wa jirani, akakaa, akanywa chai, na siku ya tatu ndipo akalitaja gari.

Mwana wa jirani hakukana. Hoja yake ilikuwa hii: bodi bila injini ilikuwa chuma chakavu, yeye na baba yake waliilinda zaidi ya miaka 10, yeye aliigharimia, na kama si 12H-T kusingekuwa na gari la kugombania. Hoja ya ami ilikuwa kwamba injini bila bodi ni chuma chakavu vilevile, na kwamba wizi wa polepole ni wizi. Neno hilo la mwisho analijutia mpaka leo, ingawa anasema alichochewa.

Walikaa mbele ya shekhe na wazee wanne, wawili kila upande. Shekhe alianza na amana. Aliyewekewa amana haruhusiwi kuitumia bila idhini ya mwenyewe. Kama yale maneno ya 1991 yalikuwa ya amana, basi mwana wa jirani alidaiwa kodi ya miaka 9. Kama hayakuwa, ami hakuwa na kitu. Hapo ndipo "amana" na "tukirudi tutaona" yalipobeba uzito wote, na waliosema maneno hayo walikuwa wamekwisha kufa wote wawili. Shekhe aliwauliza kama kuna aliye tayari kuapa. Hakuna aliyekubali kumwapishia mwenzake marehemu.

Aliyetoa njia alikuwa mzee mmoja wa Kibajuni, nahodha wa zamani. Alisema, kwa Kibajuni chake ambacho "mtu" ni "mchu", kwamba mchu akileta mashine na mwenzake ana mashua hawaulizani chombo ni cha nani. Wanaulizana mafungu. Na kweli, katika uvuvi wa pwani yetu hesabu ndivyo inavyokwenda. Gharama za safari, yaani mafuta, barafu na chakula, hutolewa kwanza. Kinachobaki hukatwa mafungu: chombo kina lake, nyavu zina lake, watu wana yao, na mashine ikiwepo hupewa lake. Viwango hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, lakini wazo ni moja, kwamba kila kitu kinachofanya kazi kina haki, kiwe mtu au mti.

Basi wakaligawa gari kama mashua. Baada ya kutoa dizeli, pancha na ujira wa utingo, kilichobaki kilikatwa mafungu matano: mawili ya injini, moja la bodi, moja la dereva, na moja la kuwekwa kwa matengenezo. Ubishi haukuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo ninayoipenda. Giaboksi ni bodi au ni injini? Katika mashua, shafti na panka huhesabiwa upande wa mashine. Lakini giaboksi hii ilitoka kiwandani na bodi. Wazee waliamua kwamba giaboksi ni bodi na klachi ni injini, na ikiharibika giaboksi, ami ndiye wa kuitengeneza. Rejeta ni injini. Betri zilishindikana, wakaziacha kwenye fungu la matengenezo.

Ninaposoma masuala ya sheria na dola darasani, mara nyingi mahali pasipo na serikali huelezwa kama mahali pasipo na sheria. Kesi hii ina jibu kwa maelezo hayo, lakini sitaki kuipamba kupita kiasi. Kama pikapu hii ingesajiliwa Kenya, namba ya chasisi na ya injini zingekuwa katika hati moja yenye jina la mtu mmoja, na swali lingekwisha kwa kufungua hati. Utaratibu huo una faida yake: hauhitaji pande mbili kupendana. Mafungu ya Kismayu yalifanikiwa kwa sababu mama wa yule kijana na bibi yangu walikuwa wamelea watoto pamoja. Mbajuni asiye na jirani wa namna hiyo, na walikuwa wengi, alirudi akakuta nyumba ina watu na gari limekwenda, na hakuwa na wazee wanne wa kukaa upande wake. Desturi ya chombo inaelewana na watu wanaotarajia kusafiri pamoja tena. Kwa aliyenyang'anywa na mgeni mwenye bunduki haina neno.

Pia kuna waliosahaulika ndani ya makubaliano yenyewe. Fundi hakupewa fungu. Alilipwa ujira wake mwaka 2004 na basi, ingawa kama kuna mtu aliyeunganisha pande mbili hizo kwa mikono yake, ni yeye. Nilipomwuliza alisema fundi wa mashua naye hapewi fungu, na hakuonekana kusikitika. Bibi ni jambo jingine. Fungu la bodi linagawanywa kati ya warithi wa ndugu watatu, na katika mgawanyo huo bibi anapata kama mjane wa babu. Bangili zake hazikuhesabiwa kama mchango wa mshirika. Zilihesabiwa kuwa mali ya babu. Hakuna aliyesema hivyo kwa kinywa, ila hesabu inasema. Nimeileta habari hii kwa ami mara mbili, na mara ya pili hakucheka. Alisema atalipeleka kwa shekhe.

Haraka imeingia kwa sababu turbo imechoka. Turbo huzunguka kwa kasi ya ajabu, zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika, juu ya utando mwembamba wa oili, na dereva wa barafu ana tabia ya kuzima gari mara tu anapofika, kabla oili haijaipoza. Mchanga nao hupita pale ambapo mpira wa filta ya hewa umepasuka. Sasa moshi ni wa buluu na oili inapungua. Mwana wa jirani anataka kuitoa 12H-T na kuweka 1HZ, dizeli ya Toyota ya lita 4.2 isiyo na turbo, ambayo vipuri vyake vinapatikana kila mahali kwa sababu ya Land Cruiser za mashirika. Ami hapingi. Ila amesema safari hii atachangia nusu ya bei ya injini, na akichangia, mafungu mawili ya injini nayo yatakatwa katikati. Mwana wa jirani amekubali nusu ya bei lakini si nusu ya mafungu, kwa hoja kwamba miaka yote ya 12H-T aliibeba peke yake. Bibi naye ametuma ujumbe kwamba kabla ya injini mpya kununuliwa, hesabu ya injini ya kwanza ifungwe. Wazee wamepanga kukaa tena baada ya kusi, bahari ikitulia na yule nahodha akiweza kuvuka kutoka Chovai.